Mke Mkubwa Adai Jioni Yake ya Kobe

Mdomo wa Bi Kheiria umekaa wazi wiki nzima, na si uungwana kumwacha mama wa watu namna hiyo. Tuufunge.

Sisi ndio tuliouacha wazi, ukumbini kwake, Mutrah. Mkwewe Bi Sayyida alikuwa amesimama mbele yake, buibui limemteremka begani, kidole kimemwelekea mumewe.

"Mama," alikuwa amesema Bi Sayyida, "mwanao ana wake wawili. Mmoja kampeleka Japani. Mimi n'nataka fungu langu. Jioni ile ya kwanza ya Kobe, hiyo inayosimuliwa kila nyumba, n'naitaka na mimi. Hapa hapa. Chakula kile kile, kinywaji kile kile, na kukaa kule kule. Haki, au si haki?"

Bi Kheiria alikuwa mjane wa kadhi. Marehemu mumewe aliwahukumu watu wa Wete kwa miaka mingi, na usiku, mkewe akisikiliza, aliwahukumu mara ya pili kitandani. Kwa hiyo bibi huyu hakuwa na haja ya vitabu. Alifungua mdomo, ndipo nafasi yetu gazetini ikaisha.

"Haki," akasema sasa.

Harub, mume wa wake wawili, mfanyabiashara wa kanga, mtu wa kilemba kilichonyooka kuliko mambo yake, akashtuka.

"Mama! Kobe utaipataje Mutrah?"

"Sijui. Wewe ndiye uliyefika."

"Nitamnunulia cherehani."

"Muhsina alinunuliwa cherehani?"

"La."

"Basi usimdhulumu Muhsina. Umempa mwenzake jioni, na huyu mpe jioni. Kesho baada ya Magharibi. Na Muhsina aje ashuhudie, isije ikapunjwa hata kijiko."

"Hawatumii vijiko, Mama," alisema Harub kwa sauti ndogo.

"Ala! Umeona? Umeshaanza kupunja."

Msomaji anayeingia leo asihangaike. Mambo yenyewe ni mepesi. Kanga wanazojitanda wake zetu huchapishwa Japani. Mwaka huu wa sabini, Sultani mpya alipoifungua nchi na watu wakaanza kupata ruhusa ya kusafiri, Harub aliamua kwenda mwenyewe Kobe kuzungumza na mchapaji wake, Bwana Morimoto. Mwenye wake wawili akitaka kusafiri na mmoja, sheria inamtaka apige kura. Harub akapiga. Kura ikamwangukia Muhsina, mke mdogo, anayekaa Maskati mjini, ng'ambo ya mlima. Bi Sayyida, mke mkubwa, mama wa Nasriya, akabaki Mutrah na mlima wake.

Angebaki kimya, lau si Muhsina kurudi na ulimi.

Harusini, Muhsina alisimulia jioni ya kwanza ya Kobe. Matangani, akaisimulia kwa huzuni. Kila ikisimuliwa, taa za mji ule ziliongezeka. Bi Sayyida aliisikia mara nyingi hata akaijua kuliko waliokuwepo, na alipokuwa peke yake jikoni alijiona amekaa pale, mezani kwa wageni, mahali pa mwenzake.

Na si hilo tu. Tangu safari ile, Harub hajalala kwake. Usiku wa zamu yake huja, hula, huuliza khabari za Nasriya aliyeolewa Suri, kisha hujishika kiuno. "Safari imenivunja, Mama Nasriya. Nitakwenda kupumzika." Akatoka. Akaenda wapi? Bi Sayyida hakuuliza. Mtu haulizi njia ya mlima ambao anauona kila siku dirishani.

Basi wivu ukampa akili, na akili ikampeleka kwa Bi Kheiria. Sasa ilikuwa imemfikisha sokoni.

*

Alikwenda mwenyewe, asubuhi, asimwamini mtumishi. Alinunua nguru, yule wa mgongo wa buluu, jicho lingali linamtazama mtu.

"Nikukatie vipande vya kukaanga, Bibi?" aliuliza muuzaji.

"Sikaangi."

"Wa mchuzi?"

"Sipiki."

Muuzaji alimtazama kwa masikitiko, kama anayemtazama mjane.

Vijiti vya kulia alivichonga kutoka vijiti vya mishikaki. Vikombe vidogo visivyo mikono alikuwa navyo; finjani za kahawa ni vikombe vya Kijapani vilivyosilimu. Jani jeusi la baharini, wanalolifungia wali, hakulipata, akatumia mchicha. Sakafuni akatandika magodoro membamba, na katikati akaweka meza ya kukatia nguo aliyoikata miguu kwa msumeno.

Jioni ilipofika, Bi Sayyida alikuwa amevaa hariri, amejifukiza udi, na mikono inanuka nguru.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Kheiria, amemshika Muhsina mkono. Muhsina alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, na uso wake usiku ule haukuwa uso wa harusini.

"Bi Sayyida," alinong'ona mlangoni, "tuyaache haya. Nakuomba, dada yangu."

"Dada yako leo umemjua?"

"Nimekukosea kusimulia. Nisamehe. Lakini tule pilau, tuzungumze, twende zetu."

*Aha,* alijisemea Bi Sayyida. *Kumbe hata kumbukumbu hataki kugawana.*

"Vua viatu," akamwambia. "Kobe walivua, au hawakuvua?"

"Walivua," alisema Muhsina, akavua.

Harub alikuja wa mwisho. Aliiona meza iliyokatwa miguu, akaviona vijiti, akakohoa. Sinia lililofunikwa kawa pembeni hakuliona bado.

"Kaa ulipokaa," alisema Bi Sayyida.

Harub akakaa.

"Hapo ndipo?"

Bi Kheiria akamgeukia Muhsina. "Shahidi?"

"Alikaa karibu zaidi," alisema Muhsina, ameinamisha kichwa.

"Karibu na nani?"

"Na mimi."

Bi Sayyida akaliburura godoro la mumewe, na mume juu yake, mpaka goti lake likagusana na la mume.

Vikaletwa vitambaa vilivyochovywa maji ya moto, kila mtu chake, wakapangusa mikono. Bi Kheiria alipangusa na uso, na shingo, akasema Wajapani ni watu wa maana. Ikaletwa supu, wakainywa kwa kuinua bakuli. Kikaletwa kitu cheupe kinachotetemeka, ambacho Kobe kilikuwa cha maharage na Mutrah kilikuwa faluda. Ikaja chai ya kijani, isiyo sukari, chungu kama ukweli.

Bi Sayyida akanyoosha mkono ajimiminie.

"Hapana," alisema Muhsina upesi. "Kule mtu hajimiminii. Kila mmoja humtilia mwenzake. Ukijitilia mwenyewe ni aibu."

"Na yeye alikuwa akitiliwa na nani?"

"Na mimi."

"Jioni nzima?"

"Bi Sayyida, alikuwa haelewi. Akimaliza, anatikisa kikombe, kama tunavyotikisa finjani sisi, kusema basi, nimetosheka. Na wao wakiona kikombe kitupu wanadhani mtu ana kiu. Wanajaza. Anatikisa, wanajaza. Alikunywa mpaka macho yakamtoka. Mwisho mwenye nyumba alimwambia mkewe alete birika kubwa, nadhani alisema huyu Mwarabu ana jangwa tumboni."

Bi Kheiria alicheka mpaka akashika mbavu. Harub naye akatabasamu, tabasamu la mtu aliyesikia kesi yake imeahirishwa.

Bi Sayyida hakucheka. Alikuwa akimmiminia mumewe.

"Kunywa."

"Nimetosheka, Mama Nasriya."

"Kwake ulikunywa mpaka macho yakakutoka."

Harub akanywa. Akamiminiwa. Akanywa. Alikitikisa kikombe mara nyingi, kikajazwa mara nyingi vile vile, na huko Kobe kwenyewe, nadhani, hakuteswa namna ile.

"Sasa maneno," alisema Bi Sayyida. "Mezani watu huzungumza. Alizungumza nini?"

Muhsina akamtazama Harub. Harub akaitazama faluda.

"Nimeuliza. Maneno nayo ni fungu langu. Hizo kanga ndizo zilizomjaza maneno, au macho ya bibi harusi?"

"Bi Sayyida, usiulize hili."

"Shahidi ajibu," alisema Bi Kheiria.

Muhsina akainua uso. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na sauti ilipotoka ilikuwa kali ghafula, sauti ya mtu aliyechoka kuwa mdogo.

"Alikuzungumza wewe! Unataka? Chukua! Tangu kikombe cha kwanza mpaka cha mwisho, kwa Kiingereza chake cha biashara, wewe! Mke wangu ndiye aliyechagua rangi hii. Mke wangu akiona kanga huijua itauzika au itaoza. Mke wangu jicho lake, mke wangu mkono wake, mke wangu biriani yake. Wale watu wakanitazama mimi, wakanishukuru mimi kwa rangi, na mimi nikawa nainamisha kichwa kama mpumbavu, kwa sababu walidhani anasema mimi! Nimekaa Kobe jioni nzima kumbe niko ukumbini kwako. Unadhani kwa nini nikazipamba taa zile kwa watu? Ningesimulia nini kingine?"

Wasomaji, naomba tusimame hapa kidogo kwa heshima zote, tumtazame Bi Sayyida. Mwanamke huyu alikuwa amebeba jiwe kifuani tangu safari ile, na sasa jiwe limegeuka maua. Alijaribu kukunja uso, uso ukakataa. Alijaribu kusema neno la ukali, likatoka kama wimbo.

"Hayo... hayo ni kweli, Baba Nasriya?"

"Kweli," alisema Harub.

"Biriani pia?"

"Biriani zaidi."

Bi Sayyida akachukua birika, akammiminia mke mwenzake chai kwa mikono miwili. Alikuwa na furaha kubwa hata akamwona Muhsina mzuri.

Furaha ile ilidumu kwa muda wa kikombe kimoja.

Maana Muhsina, kwa adabu, alipokea kikombe, kisha bila kufikiri akaokota vijiti vya mishikaki, akanyanyua tonge la wali uliofungwa mchicha, sawasawa, hata punje isidondoke.

"Umejifunza lini?" aliuliza Bi Sayyida.

"Jioni ile ile."

"Na yeye alijifunza?"

"Yeye hakuweza. Vilimkatalia. Kila akinyanyua, kinaruka."

"Basi alikula kwa mkono."

Muhsina akavirudisha vijiti mezani.

"Alikula vipi, Muhsina?"

"Nilimlisha."

"Ulim...?"

"Kwa vijiti."

"Mbele za watu?"

"Walikuwa wakicheka. Hawakuona vibaya."

Maua yakawa jiwe tena, na safari hii jiwe lilikuwa na pembe. Bi Sayyida alimzaa Nasriya na mtu huyu, akavuka naye bahari kutoka Wete mwaka wa sitini na nne wakiwa na sanduku moja, akaanza naye upya katika mji ambao hakuna aliyewajua, na katika hayo yote hakuwahi kumtia tonge mdomoni mbele za watu. Alizungumzwa yeye, sawa. Mwenzake ndiye aliyelisha.

Akanyanyuka. Akaenda kwenye sinia lililofunikwa kawa, akalileta, akalitua mbele ya mumewe, akafunua.

Nguru mbichi alilala pale, amekatwa vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga, amepangwa kama maua ya waridi.

Harub akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Nini hii?"

"Jioni yangu," alisema Bi Sayyida, akavishika vijiti. Vilitetemeka, lakini wivu humfunza mtu kazi katika dakika ambayo mwalimu angetaka muhula. Kipande kikanyanyuka. "Fungua mdomo."

"Sili."

"Kobe ulikula."

"Sili, Sayyida!"

"Mezani walikuwepo, Muhsina mwenyewe kasimulia harusini, samaki wabichi, ati watamu kama embe! Fungua mdomo."

"Mama, mwambie aondoe!"

"Kwa mkono wake ulikula, kwa mkono wangu hutaki!" Sauti ya Bi Sayyida ilipasuka. "Mimi ni wa kuzungumzwa tu, siyo? Wa kusifiwa kwa Wajapani! Kulishwa na yeye, kulala kwake! Zamu yangu ikija kiuno kinakuuma, ukivuka mlima kimepona!"

"Kulala kwangu?" alisema Muhsina.

Alisema polepole, lakini wote wakageuka.

"Bi Sayyida, hajalala kwangu tangu turudi. Huja, akala, akasema safari imemvunja. Nilidhani anakuja kwako."

"Kwangu?"

"Nilikuwa nalia kila siku. Nilisema, kule alimzungumza, huku amemrudia."

Wake wawili wakatazamana juu ya nguru. Kisha, kwa pamoja, kama askari waliopewa amri, wakamgeukia mume.

"Unalala wapi?" aliuliza Bi Kheiria.

Harub alikuwa amefika ukutani. Nyuma yake hapakuwa na nafasi tena.

"Ghalani. Sokoni. Juu ya marobota ya kanga."

"Kwa nini?"

"Mama..."

"Kwa nini, Harub?"

Harub akavua kilemba. Mtu wa Mutrah havui kilemba mbele ya mama yake isipokuwa ana homa au ana jambo. Hakuwa na homa.

"Niliapa," akasema. "Pale mezani. Walileta samaki wabichi, sinia zima. Nikakataa. Wakanisukumia. Nikakataa kwa mkono, nikakataa kwa kichwa, wao wanainama tu na kuleta. Nikasema kama tunavyosema sisi mezani, Mama, unajua, ulimi ulitangulia..."

"Ulisemaje?"

"Nilisema, Wallahi mke wangu kaachika nikila samaki mbichi."

Nani kati yenu hajakisikia kiapo hicho? Wanaume wetu wakikaa mbele ya sinia hawaapi kwa kitu kidogo. Mwenyeji husema, mke wangu kaachika usipoongeza wali. Mgeni husema, mke wangu kaachika nikiongeza. Na jikoni mke anaendelea kukaanga sambusa, hajui kwamba ndoa yake imening'inia kwenye punje. Kwa kawaida mmoja hukubali upesi, na watu hula. Kwa kawaida.

"Na wao?" aliuliza Bi Kheiria.

"Kiapo kilinitoka kwa Kiswahili, hawakukifahamu. Walidhani naomba dua. Wakainamisha vichwa, wakasubiri nimalize, wakanijazia chai."

"Kisha ukala!" alisema Bi Sayyida.

"Sikula! Niliwakwepa samaki wote! Kisha Muhsina akanilisha tonge la wali lililofungwa jani jeusi..."

"Nilijua ni wali mtupu!" Muhsina alipiga kelele. "Wallahi nilijua ni wali na mboga!"

"Ndani yake mlikuwa na samaki," alisema Harub.

Bi Sayyida akamgeukia mwenzake polepole. "Kiapo ulikisikia?"

"Nilikisikia."

"Ukamlisha."

"Lilikuwa limefungwa, Bi Sayyida! Ningeona vipi? Na mimi si mke? Ningejiachisha kwa mkono wangu mwenyewe?"

Hapo Bi Kheiria akapiga meza fupi kwa kiganja, vipande vya nguru vikaruka. Ukumbi ule haukuwa tena Kobe wala Mutrah. Ulikuwa mahakama ya Wete, na marehemu amefufuka katika kanga ya mkewe.

"Nyamazeni. Harub. Asiyejua hana lawama. Ulipolitia mdomoni ulijua?"

"Sikujua."

"Alhamdulillahi. Ulijua lini?"

"Nilipotafuna."

"Ukatema."

Harub akakigeuza kilemba magotini.

"Mwanangu, n'nakuuliza. Ukatema?"

"Bwana Morimoto alikuwa ananitazama, Mama. Na mkewe. Na mama yake mzee kama wewe, aliyenisogezea mwenyewe kwa heshima. Kutema mbele yao..."

"Ulimeza."

"Nilimeza."

"Ukijua."

"Nikijua."

"Kwa nini?" aliuliza Bi Sayyida. Hakupiga kelele sasa.

"Kwa adabu," alisema Harub.

"Ukatuacha kwa adabu."

"Wote wawili?" Muhsina aliruka. "Alisema mke wangu! Hakusema wake zangu!"

Neno lile likaanguka katikati yao, na kila mmoja akaanza kulipima. Bi Sayyida ndiye aliyekuwa mwepesi.

"Kweli," akasema. "Mmoja. Na mke aliyekuwa amekaa pale, goti kwa goti, akimtilia chai, ni nani? Si mimi. Mimi nilikuwa Mutrah naokota mawe kwenye mchele."

Muhsina akakauka. Lakini naye hakuwa mjinga. Wajinga hawavuki bahari wakarudi na hadithi.

"Lakini jioni nzima, Bi Sayyida," alisema, na kila neno lilikuwa sindano iliyochovywa asali, "kila aliposema mke wangu, alikuwa akimsema nani? Rangi za nani? Jicho la nani? Biriani ya nani?"

Bi Sayyida akaviteremsha vijiti.

Fahari aliyopewa muda mfupi uliopita, ile aliyoipokea kwa mikono miwili, iligeuka mkononi mwake ikawa kamba. Alikuwa ametamani kuwa moyoni mwa mtu huyu Kobe. Alikuwa amelia kwa kutokuwepo pale. Amemkatia meza miguu, amemchongea vijiti, amemleta mama mkwe, ili ajue kila kilichosemwa na kila kilicholiwa. Sasa alikuwa amejua.

"Mama," alisema, "sheria inasemaje?"

Bi Kheiria hakuwa na haraka. Mara ya kwanza jioni ile alionekana mzee.

"Marehemu alikuwa akisema, asiyetaja jina ataulizwa nia. Yule aliyekuwa moyoni wakati ulimi unaapa, huyo ndiye. Kesho tutakwenda kwa shekhe, yeye ndiye wa kuhukumu, mimi ni mwanamke mjane tu. Lakini swali atakalouliza n'nalijua." Akamgeukia mwanawe. "Harub. Ulipoapa, ni nani aliyekuwa moyoni mwako?"

Harub alimtazama Muhsina, kisha akamtazama Bi Sayyida.

Tangu dunia iumbwe, nadhani hawajawahi kupatikana wake wenza wawili wakimtazama mume mmoja, kila mmoja akiomba kwa moyo wake wote kwamba anayependwa ni mwenzake.

"Sema, Baba Nasriya," alinong'ona Bi Sayyida. "Alikuwa ni yeye. Alikuwa amekaa karibu. Mzuri. Mwema. Alikuwa anakulisha. Sema ni yeye."

"Sayyida..."

"Sema ulinisahau! Mji mgeni, taa nyingi, mtu husahau! Sitakasirika! Wallahi sitakasirika tena maisha yangu!"

"Nimekaa ghalani kwa ajili ya swali hili," alisema Harub. "Nililijua jibu lake tangu lile tonge halijafika tumboni. Sikuwa na ujasiri wa kulisema, kwa sababu likishasemwa..."

"Basi usiliseme!"

"Mama ameniuliza. Siwezi kumdanganya mama, na siwezi kulala na mwanamke asiye halali yangu tena, wala kulala kwa mmoja tu bila kulitaja jina."

Akavuta pumzi. Bi Sayyida alimwona akiivuta. Alimjua mtu huyu, alijua kwamba baada ya pumzi ile harudi nyuma tena. Akatupa vijiti, akavuka meza kwa magoti, bakuli la supu likapinduka juu ya hariri, akamziba mume wake mdomo kwa kiganja chake chenye harufu ya nguru.

Harub hakukiondoa kiganja. Alifumba macho, na chini ya kiganja kile midomo yake ikatikisika, ikasema jina.

Bi Sayyida alilihisi, moto na fupi, ngozini kwake. Lakini kiganja hakina masikio.

Muhsina alikuwa amemsogelea mpaka ukutani, upande wa pili, karibu na shavu la mume, goti kwa goti. Yeye alilisikia.

Hakulia. Hakucheka. Aliweka kikombe chake mezani, bado kimejaa, akaikunja mikono ya gauni lake mpaka kwenye kiwiko, na mbele ya macho yao akaanza kuvua bangili zake za dhahabu, moja baada ya moja, akizipanga pembeni mwa sinia. Hakuna aliyethubutu kumuuliza kama ni mwanamke anayerudisha mali ya mume asiye wake tena, au ni mwanamke anayemwachia mwenzake aliyeachwa cha kuanzia maisha mapya.